Sahani Moja ya Mama Maabara

Mbwa wake wawili sasa wanalala mlangoni kwangu, hapa Tarime mjini. Ni wanene kuliko mbwa wowote waliowahi kubweka Susuni, na aliyewanenepesha ni mimi. Miaka sita, kila Jumamosi, nilimpelekea yule mama nusu kilo ya steki isiyo na mfupa, nimeifunga vizuri kwenye gazeti. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanipa chai. Nilipoaga na kufika getini, nikasikia anawaita mbwa.

Hakunificha. Mara ya kwanza kabisa aliniambia usoni, "Nyama yako nzuri, mura, ila mimi siili. Nitawapa hawa. Kama hutaki, rudi nayo."

Nina mvi, nina wajukuu, lakini yeye aliniita mura, kijana, mpaka mwisho. Sikurudi na nyama.

Watu walimwita Mama Maabara na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina alilopewa na wazazi wake silitaji, maana katika habari hii kuna majina nimekusudia kuyataja, na sitaki lake likae benchi moja na hayo.

Mimi ni mtu wa bucha. Kwetu ni Nyambureti, upande wa Serengeti. Nilioa Susuni, nikafungua bucha huko huko kwa wakwe. Shule niliishia darasa la nne. Nasema mapema ili ukiona nimeeleza jambo la kisomi likapinda, ujue aliyepinda ni mimi, si yule mama.

Kabla ya kustaafu alifanya kazi kwenye maabara za utafiti mijini. Aliporudi Susuni hakuja na fanicha kama wastaafu wengine. Alikuja na vitabu, friji ndogo na kompyuta moja, ambayo aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama watu walivyofunika redio zamani. Ndani yake kulikuwa na programu aliyoitengeneza mwenyewe, na kazi ya programu ile ilikuwa kukata protini. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu mimi nilikuwa nakata protini kila siku kwa panga na sikuwa na programu.

Alinieleza kwa shanga. Protini, alisema, ni uzi mrefu wa shanga za aina ishirini. Tumboni kuna vimeng'enya, na kimeng'enya ni kisu. Kuna kimoja wanachokipenda sana maabara kwa sababu kina adabu: kinakata baada ya shanga za aina mbili tu, basi. Shanga nyingine kinazipita. Kwa hiyo kama unajua uzi umepangwaje, unaweza kukaa kwenye kiti ukajua kisu kitakata wapi, vipande vitakuwa vingapi na kila kimoja kitakuwa na uzito gani, kabla hujagusa nyama yenyewe. Ndiyo kazi ya ile programu. Inaigiza tumbo.

"Sasa faida yake nini, mama, kukata nyama ambayo haipo?"

"Wewe unapochinja, unaanza kukata halafu ndiyo unafikiri?"

"Hapana. Naangalia kwanza."

"Basi na mimi naangalia kwanza."

Alipenda kuja buchani asubuhi nikiwa napasua ng'ombe. Na hapa utaona alivyokuwa mtu wa ajabu: mwanamke aliyeshika damu za watu na wanyama maisha yake yote, harufu ya bucha ilimshinda. Alisimama upande unakotoka upepo, ncha ya kitenge puani, akauliza maswali kwa mbali kama mtu anayeongea na ng'ambo ya mto.

"Nikikuwekea vipande kwenye kapu, vimechanganyika, hakuna kichwa wala ngozi, utajua ni mnyama gani?"

"Ukinipa na mizani, nitajua. Paja la mbuzi haliwezi kunidanganya."

Akacheka mpaka kitenge kikamtoka puani. "Kumbe wewe ni mwenzangu! Na kwenye kila kiungo lazima upitishe kisu?"

"Hakuna mchinjaji anayekata kila kiungo, mama. Vingine kisu kinaruka. Mkono umechoka, au mfupa umekaa vibaya, unaacha viwili vimeshikana."

"Hata changu kinaruka," alisema. "Mimi huwa sikipi ruhusa."

Nililisikia hilo nikalisahau. Baadaye lilikuja kunikosesha usingizi.

Ukoo wa wakwe zangu, ambao ndio ukoo wake Mama Maabara, mwiko wao ni pundamilia. Hawamuui, hawamli, hata ngozi yake haiingii uani. Mimi si wa mwiko huo. Na kwa kuwa natoka karibu na mbuga, wapo walioniangalia siku zote kwa jicho la kwamba mtu wa Serengeti hakosi nyamapori. Mmoja wao alikuwa Magige. Magige alikuwa na bucha hatua hamsini kutoka kwangu, na wateja walikuwa wanazipita hizo hatua hamsini kuja kwangu. Namtaja. Alikuwa mzima mara ya mwisho niliposikia, na akitaka kubisha anajua ninapokaa.

Alikufa mzee mmoja wa ukoo. Nikaletewa dume la ng'ombe la msiba, nikalichinja mbele ya watu, nikalipasua na kugawa: mbavu za wajomba mahali pake, kidari mahali pake, nyingine sufuriani. Watu wakala. Katikati ya kula akaingia mwanamke anaitwa Wankuru, amebeba kwenye fimbo kipande cha ngozi yenye mistari. Alikiokota kwenye shimo la taka nyuma ya bucha yangu. Nani alimtuma akachungulie shimo langu la taka wakati wenzake wanakula msibani? Magige. Wankuru mwenyewe alikuja kulisema hilo baadaye, ameshachelewa. Siku ile alipiga yowe moja tu: "Mmelishwa pundamilia!"

Ngozi ile ilikuwa kavu kama soli ya kiatu. Dume nililichinja asubuhi ile ile. Hakuna aliyetaka kuzijumlisha hizo mbili. Wengine walitapika, wengine walichukua fimbo, na mmoja alichukua panga. Mkono wangu wa kushoto una vidole viwili, na sikio la upande huo halisikii. Nilipona kwa sababu mvua ilinyesha na watu wakakimbilia kwenye turubai. Sijui neno zuri zaidi la kueleza kupona huko.

Na yeye? Mama Maabara alikuwa pale. Alikuwa ameshakula nusu ya sahani yake. Wakati wananipiga, nilimwona kwa jicho lililobaki wazi: amegeuka ukutani, anafunga nyama iliyobaki sahanini mwake kwenye mfuko safi, taratibu, kama mtu anayefungasha keki ya harusi. Hakupiga kelele. Hakuja. Nililibeba hilo hospitali kama jeraha jingine.

Alikuja kunitazama siku ya tatu. Nikamgeuzia mgongo.

"Hata shikamoo hunipi?"

"Uliniacha, mama."

"Nilikuacha," alisema. "Ningekuja, tungekuwa wawili wa kuzikwa na nyama ingeliwa na mbwa. Nimeiokoa nyama. Iko kwenye friji."

Nilimtukana. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akachukua kijiko akaanza kunilisha uji. Uji wenyewe aliuunguza. Kupika kulimshinda kabisa: ugali wake ulikuwa na vidonge, na mtu aliyeweza kukata uzi wa shanga mia asikosee hata moja hakuweza kusonga unga ukaiva.

Kila mtu anayefanya kazi ana jambo analolishikilia. Yeye lake lilikuwa hili: sema kwanza utakachokiona, ndipo upime. Kabla nyama haijatoka Susuni alikaa na kompyuta yake, akaikatisha ile programu protini za nyama ya ng'ombe, halafu za pundamilia, akapata orodha mbili za uzito wa vipande. Pale zilipofanana alipaacha. Alitafuta vile ambavyo ng'ombe anavyo na pundamilia hana, na vile vya pundamilia ambavyo ng'ombe hana. Akazichapisha kwenye duka la steshenari mjini, akaja nazo kitandani kwangu, akanichovya kidole kwenye wino. Nakala ya pili alimpelekea mzee Rioba, mkubwa wa ukoo, naye akaweka dole gumba. Ili kesho, alisema, mtu asiseme nimetunga orodha baada ya kuona majibu.

Juu ya karatasi aliandika pia kisu kimeruhusiwa kuruka mara ngapi. Aliandika sifuri.

"Kwa nini sifuri, mama? Si ulisema kisu kinaruka?"

"Ukikiruhusu kuruka, orodha inakuwa ndefu. Na orodha ndefu haikosi ndugu. Kila mgeni atafanana na mtu. Sitaki useme umepona kwa sababu ya orodha ndefu."

Nyama ikapanda basi ndani ya boksi la barafu, ikaenda kwa mwanafunzi wake wa zamani kwenye maabara yenye mashine. Mashine ile, kwa nilivyoelewa mimi, ni mizani. Unaimwagia nyama ya kweli kimeng'enya, inakatika, mizani inapima vipande. Majibu yakarudi kwenye kompyuta yake, namba tupu, safu juu ya safu.

Ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Alinionyesha kwa ncha ya kalamu. Vya pundamilia hakuna. Halafu kalamu ikasimama kwenye namba moja, ya kipande kizito ambacho hakikuwa cha ng'ombe wala cha pundamilia.

"Hiki kiache," nilimwambia. "Vingine vyote si vimesema?"

"Hiki ndicho Rioba atakachoniuliza."

"Rioba hajui kusoma hizo namba!"

"Mimi najua."

Wiki mbili. Wiki mbili nzima sikula vizuri kwa ajili ya kipande kisichoonekana kwa macho. Nilianza kujishuku mwenyewe, nikajiuliza kama kisu changu kiligusa kitu, kama gogo la kukatia lilipakwa kitu na Magige. Siku moja akaja buchani, bado nilikuwa nafungua kwa ajili ya wapita njia, akasimama upande wake wa upepo. Nilikuwa nakata kwa mkono mmoja na nusu, na viungo vingi vilikuwa vinanishinda, naviacha vimeshikana.

Aliangalia muda mrefu. Akasema, "Nilikuwa na kiburi, mura. Kisu chako kinaruka. Changu nilikinyima."

Akarudi, akakipa ruhusa ya kuruka mara moja, kwa ng'ombe na kwa pundamilia pia, sawa sawa. Kile kipande kizito kilikuwa vipande viwili vya ng'ombe ambavyo kisu kilivipita bila kuvitenganisha. Alinipigia simu. Jioni ile nikala ugali, nikashiba.

Sasa ingefaa niseme kwamba hapo ndipo niliposafishwa jina. Sikiliza.

Wazee walikaa. Mama Maabara alisimama na karatasi zake, akaeleza kwa shanga, kwa kapu, kwa mizani. Alieleza vizuri hata mimi mtu wa darasa la nne nilijivuna. Akasema wazi pia kwamba karatasi ya kwanza ilikuwa na sifuri na hii ina moja, na kwa nini. Nikajua hapo ametoboa mtumbwi wake mwenyewe. Rioba akauliza swali moja. Hakuwa mjinga Rioba, na ndiyo maana namtaja.

"Dada yetu, umepima sufuria au umepima sahani?"

"Sahani."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Sufuria zilikuwa ngapi?"

"Nne."

"Kwa hiyo unatuambia wote hatukula pundamilia?"

Nilimwangalia. Kila mtu alimwangalia. Neno moja tu, "ndiyo", na mke wangu angepika tena nyama niliyoishika. Maana mke wangu, kama nilivyosema, ni wa ukoo ule. Hakuniacha, Mungu ambariki, alinifunga vidonda na kulala na mimi chini ya paa moja. Lakini tangu siku ile nyama iliyopita mkononi mwangu haikuingia kwenye chungu chake. Majiko mawili, sufuria mbili, mume huku, mke kule. Neno moja.

"Nasema nilichopima," Mama Maabara alisema. "Sahani yangu ilikuwa ng'ombe. Sahani nyingine sikuzipima."

"Sahani moja!" Rioba akawaambia wenzake, na mambo yakaishia hapo. Wakati huo watu walikuwa wameshachinja mbuzi wa kujitakasa, wameshapakwa, wameshakogeshwa. Nani anataka kuambiwa ametakaswa uchafu ambao hakuwa nao? Na agizo la wazee likabaki: nyama isiliwe kutoka mkononi mwangu.

Mwaka mzima sikumsemesha Mama Maabara. Nilihamishia bucha Tarime mjini, ambako wanunuzi ni watu wa mabasi na wa Sirari mpakani, hawaulizi mkono wa mchinjaji. Kitu kilichonichoma zaidi nilikisikia kwa mke wangu: Mama Maabara naye alitakaswa. Alikwenda na wenzake, akakaa kwenye mstari, akapakwa kama wao, na majibu yake yakiwa kwenye mkoba pembeni.

Nikapanda bodaboda mpaka kwake kumuuliza hilo. Ndiyo siku niliyobeba nyama kwa mara ya kwanza. Nilimwekea mezani kama mtu anayeweka kesi.

"Mama, wewe unajua ni ng'ombe. Wewe mwenyewe! Kwa nini ulipakwa?"

Alinyoosha kitambaa cha kompyuta, ingawa kilikuwa kimenyooka. "Kompyuta ni yangu peke yangu. Ukoo ni wa sote. Nikifa, kompyuta haitanizika."

"Basi kula hii."

Ndipo aliposema lile la mbwa.

Unaweza kuuliza kwa nini niliendelea. Mwanzoni ilikuwa hasira: nilitaka kila Jumamosi aione nyama yangu aone haya. Halafu hasira ikachoka kabla ya miguu. Nilizoea chai yake mbaya. Nilizoea anavyobishana na redio. Kuna siku mchungaji alitangaza kanisani kwamba waumini wote wamefunga na kuomba, yeye akanyoosha mkono akasema, "Si wote, mchungaji, mimi nilikunywa uji." Alinifundisha kusoma namba zile; mpaka leo najua kipande gani ni cha mbuzi na kipi cha kondoo, elimu isiyo na soko popote. Vijana wa vyuo walimpigia simu kumuuliza mambo ya programu, akawajibu akiwa amekaa uani na mimi namenya viazi. Siku moja nilimsikia anamwambia mmoja, "Usiipende sana orodha yako. Mimi niliipenda yangu ya sifuri, mtu akakaa wiki mbili bila kula."

Hakuwahi kuniomba radhi kwa lile neno moja. Na mimi, kadiri miaka ilivyokwenda, nikaacha kulisubiri. Siku zile ambazo watu walinidanganya kwa maneno matamu, niligundua kwamba nina mtu mmoja duniani ambaye akisema jambo, ndivyo lilivyo. Nilishapigwa na watu wenye uhakika. Yeye hakuwa na uhakika wa zaidi ya sahani yake, na hiyo sahani aliishikilia.

Mwaka jana akaugua. Mwili ulipooza upande, wa kushoto, kama wangu. "Tumefanana," alisema, na mdomo ulipinda kidogo aliposema. Wankuru alikuwa anamsaidia, kufua na kumwogesha. Ni jirani yake, na nadhani alikuwa analipa kitu bila kukitaja. Mimi na Wankuru tulisalimiana kwa vichwa tu.

Jumamosi hiyo nilifika na gazeti langu. Nilikuta amewekwa kwenye kiti uani, juani, blanketi magotini. Wankuru anaanua nguo. Mbwa waliposikia gazeti wakaja wakakaa mahali pao, ndimi nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Washa jiko, mura."

Nilidhani anataka chai. Nikawasha.

"Sasa kata hiyo. Ndogo ndogo, meno yangu si yale."

Nilikata kwa vidole nilivyo navyo, nikaacha vipande vingine vimeshikana, nikatia chumvi, nikachemsha mpaka ikalainika. Wankuru alisimama na shuka mikononi, halikunjwi, halianikwi.

"Wankuru, nipe sahani," Mama Maabara alisema.

"Mama, ile ya mbwa..."

"Sahani, mwanangu. Na usiondoke. Nataka mtu mwenye mdomo aone."

Wankuru akaleta. Nilipakua, nikachota kijiko, nikampelekea mdomoni kama yeye alivyonilisha uji wa kuungua hospitali. Alitafuna upande mmoja. Alichukua muda. Mchuzi ulimtoka kwenye pembe ya mdomo nikamfuta kwa mkono, mkono huo huo.

"Mama, kwa nini leo?"

Alimeza kwanza. "Sikuwa naogopa nyama. Nilikuwa naogopa watu. Nimepunguza kuogopa, basi."

Alimaliza yote. Mbwa walisubiri, wakanitazama mimi, wakamtazama yeye, mwishowe wakalala chini na pua juu ya miguu. Siku hiyo hawakupata kitu.

Nilipoinuka kuosha sahani alinishika nguo.

"Kamwambie mkeo," alisema. "Mwambie nimekula nyama yako sahani moja na nusu: nusu ya msibani, nzima ya leo. Zote ng'ombe. Usije ukasema mbili."